Mkia wa Kamba

Kazi yote ya Inspekta, tangu siku za sare mpaka alipoanza kuja kazini na magauni yake mwenyewe, ilikuwa kuwakataza watu kugusa. Usiguse mlango, usiguse kikombe, msimguse marehemu. Sasa alikuwa amesimama katikati ya ukumbi ambao kuta zake zilimwamuru kinyume. GUSA, kilisema kibao cha mlangoni. GUSA TENA, kilisema cha meza ya sumaku. Na pale kwenye betri za malimau palikuwa na kibao kilichoandikwa na mtu mwenye utani: USIPOGUSA UTAJUAJE?

Koplo wake, mtu mnene aliyebeba mkoba wa vifaa vya kuchukulia alama za vidole, aliutazama ukumbi mzima, kisha akaufunga mkoba aliokuwa ameanza kuufungua.

"Afande," alisema, "hapa tutapata vidole vya mji mzima."

"Basi leo tutumie macho."

Tamasha la sayansi na teknolojia la mtaa ule lilikuwa mtoto wa mtu mmoja, mwalimu mstaafu wa fizikia, ambaye watoto walimwita Mzee Gusa na watu wazima wakamwita Mwalimu. Kila kitu humo kilitengenezwa ili kishikwe, kivutwe, kizungushwe, kipulizwe. Jana, wakati wa mapumziko ya mchana, milango ikiwa imefungwa na wahudumu wakiwa uani wanakula, Mwalimu alikutwa amelala chini ya kiti cha kapi, kile cha kujiinua kwa kamba, hajitambui. Madaktari walisema damu imevujia ndani ya kichwa. Mpaka asubuhi hii hakuwa amefumbua macho.

Mwenye kosa hakutafutwa. Alijileta. Fundi aliyekichomelea kile kiti, ambaye pia ni mkwe wa Mwalimu kwa binti yake mdogo, alifika wa kwanza pale chini, akapiga magoti, akashika kichwa, akasema mbele ya kila mtu kwamba ni bolti yake, ile ya kibano kinachoshika kamba. Aliilegeza asubuhi ili apake grisi, akaitwa kwenye jambo jingine, akasahau kuikaza. Polisi walipoipima bolti waliikuta kweli imelegea. Fundi akalala rumande, na mkuu wa kituo, ambaye alipenda kesi zilizojipika zenyewe, alikwisha andika maelezo yake vizuri. Alasiri hii Fundi angeyatia sahihi, kisha angepelekwa mahakamani. Mwalimu akifa, ingekuwa kuua kwa uzembe. Karakana ingefungwa, na yeye angekaa ndani mpaka nywele zibadilike rangi.

Na si hayo tu. Asubuhi ileile mkewe alikuja kaunta, macho yamevimba, akatoa ujumbe mmoja: aambiwe kwamba hata wakimwachia, asirudi nyumbani. Inspekta aliusikia kwa masikio yake, na haukumtoka.

Kilichomsumbua Inspekta kilikuwa kidogo. Watu wanaoyakimbia makosa yao alikuwa amewaona wengi, akawazoea. Huyu alikuwa analikimbilia lake. Alimwuliza swali moja tu kabla ya kutoka kituoni: je, baada ya Mwalimu kuanguka, ulikitazama kibano? Fundi alijibu kwamba hakuwa na haja ya kukitazama, alijua. Inspekta akamwambia kwamba kujua na kutazama ni ndugu wawili wasiofanana, akachukua ufunguo wa gari.

Aliyewapokea ukumbini alikuwa binti mkubwa wa Mwalimu, msimamizi wa wahudumu wote. Mwanamke wa makamo, mrefu kama baba yake, ambaye hakuwa amelala. Hilo lilionekana bila kuwa mpelelezi. Tamasha lilikuwa limesimamishwa kwa siku ile, lakini alikuwa amekuja hata hivyo, kwa sababu, alisema, nyumbani kila mtu anamtazama mwenzake na simu hailii.

Aliwapitisha kwenye meza moja baada ya nyingine. Inspekta, ambaye hakuwa na haraka ya kufika kwenye kiti, alisimama kwenye bembea ya mchanga: kopo lenye tundu linaloning'inia kwa kamba, ukilisukuma linamwaga mchanga na kuchora maua juu ya ubao mweusi. Alilisukuma. Ua likachoreka, jingine likafuata juu yake. Aliona raha zaidi ya alivyotaka ionekane. Alipogeuka kuuliza jambo, Msimamizi alikuwa akimjibu huku mikono yake imekwisha zoa mchanga, imeurudisha koponi, imeupangusa ubao, na imelisimamisha kopo katikati, tuli. Macho yake hayakwenda huko hata kidogo.

"Mnafanya hivyo kila mgeni akiondoka?"

"Kila mgeni, afande. Tunaita kurudisha mwanzo." Alisema ni sheria ya baba yake, tena ndiyo ya kwanza anayofundishwa mhudumu. Kila anayefika mezani akute kitu kana kwamba hakuna aliyewahi kukigusa. "Baba husema ukimwachia mtu jibu la mwenzake, umemwibia swali."

Inspekta alilipenda neno hilo, akalitunza. Aliona jambo jingine pia, ingawa hakujua bado la kulifanyia: mkono wa kulia wa Msimamizi ulikuwa ukifanya kazi kwa kiganja kizima, ule wa kushoto kwa ncha za vidole tu.

Kiti cha kapi kilikuwa mwisho wa ukumbi. Fremu ya chuma iliyopita urefu wa mlango, kapi nne juu yake, na kiti cha mbao kilichofungwa kamba. Unakaa, unafunga mkanda, unavuta kamba mwenyewe, na unajiinua mwenyewe mpaka juu bila hata kutoa jasho. Watoto walikuwa wakishuka pale wakijiona majitu. Nyuma ya kiti kamba ilipita ndani ya kibano cha chuma kinachoiuma isirudi, na kipande kilichobaki baada ya kibano ndicho wahudumu walichokiita mkia. Mgeni akitaka kushuka, mhudumu anabonyeza kishikio cha kibano kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anaulegeza mkia kidogo kidogo.

"Bolti iko vilevile?" Inspekta aliuliza.

Koplo alisema iko vilevile, hakuna aliyeigusa, akacheka mwenyewe kwa neno lile. Inspekta akavua viatu na kupanda kitini.

"Kwa heshima zote, afande, ningepanda mimi," Koplo alisema, "lakini kiti chenyewe ni cha mbao."

Inspekta akavuta kamba. Alipanda. Alivuta tena, akapanda tena, na kutoka kule juu aliuona ukumbi wote, meza zake zote zimerudishwa mwanzo, tayari kwa wageni ambao leo hawaji. Alimwona Msimamizi amesimama kando ya bembea ya mchanga, mikono ameikunja kifuani.

"Achia mkia," alimwambia Koplo.

"Afande, mimi nina watoto wanasoma."

"Achia."

Koplo akaachia, uso akaugeuzia pembeni. Kibano kiligongagonga kwa ile bolti iliyolegea, kiti kikashuka upana wa kiganja, kikakaa. Inspekta akajitikisa. Kikakaa. Akajitikisa kwa nguvu kama mtoto mtundu, na kibano kikazidi kuiuma kamba. Kisha alinyoosha mkono nyuma, akajaribu kukifikia kishikio. Hakukifikia. Mtu mwenye mikono mirefu mara mbili ya yake asingekifikia pia, maana kilikuwa upande wa pili wa nguzo.

"Sasa shika mkia, bonyeza."

Akashuka taratibu mpaka chini, akavaa viatu. Koplo ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, maana hakuwa mjinga kama alivyopenda kuonekana: bolti ilegee au ikazwe, kile kitu hakiachii kamba mpaka kuna mkono umebonyeza.

"Mkono ambao si wa aliye juu," Inspekta alimalizia.

Msimamizi alikuwa amefika karibu. Hakuuliza jaribio limeonyesha nini. Mikono yake iliufuata mkia uliotapakaa sakafuni, ikaukunja duara juu ya duara, ikautundika kwenye ndoano, ikaunyoosha mkanda na kuulaza kitini, kisha ikakigeuza kibao kidogo cha pembeni kikasomeka ZAMU YAKO. Kulia kiganja kizima, kushoto ncha za vidole. Halafu akaomba radhi, akaenda kufungua madirisha.

Inspekta alimnyooshea Koplo mkono. "Ile picha ya jana. Uliyopiga kabla hawajasafisha."

Koplo aliitoa. Inspekta aliishika mbele ya kiti, akawa anatazama kimoja na kingine. Katika picha Mwalimu hakuwepo, alikuwa amekwisha bebwa, kulikuwa na doa tu kwenye nguzo alipojigonga. Lakini mkia ulikuwa umekunjwa duara juu ya duara, umetundikwa kwenye ndoano. Mkanda umelazwa kitini. Kibao kinasomeka ZAMU YAKO. Mtu ameanguka kutoka juu, amepasuka kichwa, na kiti kimejipanga chenyewe kumsubiri mgeni mwingine.

"Tuliiona jana, hatukuiona," Koplo alikiri.

"Tuliona usafi. Usafi haumshtui mtu." Inspekta alikisogeza kidole chake chini ya picha. Jambo moja halikulingana. Leo ubao wa kukanyagia miguu ulikuwa umepachikwa kwenye tundu la chini. Katika picha ulikuwa kwenye tundu la juu kabisa.

Alimwita Msimamizi kwa sauti ya kawaida, akamwuliza ule ubao unahamishwa kwa nini. Yule akajibu kutoka dirishani bila kugeuka kwamba chini ni kwa wakubwa, juu ni kwa watoto wadogo sana, maana miguu yao huwa inaning'inia na wakiogopa wanarusha mateke.

"Asante," Inspekta alisema.

Mwalimu alikuwa mrefu. Akikaa pale ubao ukiwa juu, magoti yangemgusa kidevu. Hakupanda hivyo. Ubao ulipandishwa baada ya yeye kuanguka.

Kwa hiyo kulikuwa na mtu ambaye alikishika kile kiti kabla na baada, na mtu huyo alikuwa mhudumu, kwa sababu mgeni hajui kurudisha mwanzo. Nani? Wahudumu wote waliapa kwamba walikuwa uani. Lakini walikiri pia kwamba wawili walitoka kwenye sahani zao kwa muda: Msimamizi, aliyesema alikwenda chooni, na Mkutubi, mwenyekiti wa kamati ya tamasha, aliyesema alikuwa na kazi.

Jina la Mkutubi lilikuwa limekwisha tajwa na watu watatu, kila mmoja akidai hataki kusengenya. Ukumbi ulikuwa wa maktaba yake, na tamasha lilimkera kwa kelele. Siku moja kabla ya ajali alisikika akimwambia Mwalimu, mbele ya hadhara, kwamba michezo yake itamtoa mtu roho. Na Inspekta alipomkuta ofisini, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji.

Kamba inayokimbia huchoma kiganja. Hilo anajua kila aliyewahi kuchota maji kisimani kwa pupa. Inspekta alimwomba aifungue bandeji. Mkutubi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtazama kwa dharau ya mtu aliyezoea kunyamazisha vyumba, akaifungua. Chini yake kulikuwa na mkato mmoja mnyoofu juu ya kidole gumba, wa kisu cha kukatia maboksi.

"Ulitaka kuona nini, afande? Mkono wa muuaji?"

Alisema maneno yale aliyasema, hayakani. Alisema pia kwamba yeye na Mwalimu wamegombana kila mwaka tangu tamasha lianze, na kila mwaka ndiye anayekuwa wa kwanza kumfungulia mlango. Wakati wa mapumziko alikuwa kwenye chumba cha pili, akipanga kazi za wanafunzi wa sekondari waliotarajiwa mchana. Akampeleka Inspekta akaone. Kweli viti vilikuwa vimepangwa, na juu ya kila kiti karatasi yenye maswali ya nguvu na mwendo, maswali magumu.

"Jasho langu la bure," Mkutubi alisema. "Nimemaliza kupanga, naambiwa sekondari hawaji, wanakuja chekechea. Chekechea na kanuni za mwendo, wapi na wapi?"

"Uliambiwa lini?"

"Wakati watoto wako getini. Hapo Mwalimu amekwisha pelekwa hospitali, tukawarudisha. Mwalimu wao ndiye aliyenieleza, kwamba alipiga simu mapema, mchana huohuo, akaongea na Msimamizi."

Inspekta alikaa kwenye kimojawapo cha vile viti. Alikaa kidogo zaidi ya ilivyohitajika, mpaka Mkutubi akamwuliza kama anataka maji. Hakutaka maji. Alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kuna ukweli unaoufurahia ukiufikia, na kuna mwingine unatamani ungekuwa umepotea njia. Huu ulikuwa wa aina ya pili.

Alimkuta Msimamizi stoo, akipanga malimau kwenye ndoo. Akafunga mlango, akamwacha Koplo nje.

"Jana mlikuwa mnawasubiri sekondari," alianza. "Kisha mwalimu wa chekechea akakupigia."

"Ndiyo. Walibadilishana zamu."

"Ulikuwa wapi alipopiga?"

"Uani. Nakula."

"Ukamwambia nani?"

Msimamizi alifikiri. Alisema hakumwambia mtu, alikusudia kuwaambia wakimaliza kula, halafu yakatokea yaliyotokea.

"Baba yako ulimwambia?"

"Sikumwona tena tangu tulipofunga milango. Nilishasema. Nilipoingia nilimkuta amelala."

Inspekta alimwonyesha picha. Aliiweka juu ya ndoo ya malimau. Msimamizi aliitazama kama mtu anayetazama meza yoyote ya tamasha, akikagua: mkia, mkanda, kibao. Aliridhika. Halafu macho yake yalifika kwenye ubao wa miguu, yakabaki hapo.

"Hukumwambia mtu kuhusu chekechea," Inspekta alisema kwa upole. "Na kiti kimeandaliwa kwa ajili ya chekechea. Baba yako hawezi kuwa amekaa hapo ubao ukiwa juu. Naomba nione mkono wako wa kushoto."

Hatimaye Msimamizi aliunyoosha na kuukunjua. Mstari mwekundu, mpana kama kamba, ulikatiza kiganja chote, ngozi imebabuka na maji ya kidonda yamekauka pembeni.

Alipoanza kusema, alisema yote kwa mpangilio, kama mtu aliyekuwa ameyasema moyoni usiku kucha. Alikwenda ukumbini kumpelekea baba yake chakula. Mzee akamwambia, mwanangu, nimewapandisha watoto wa watu siku mbili, mimi mwenyewe sijapanda hata mara moja, nishikie mkia. Akapanda mpaka juu, akawa anacheka. Alipotaka kushuka, Msimamizi akabonyeza kishikio, akaanza kuulegeza mkia, na hapo simu ikaita. Aliibana kati ya sikio na bega kama afanyavyo kila siku. Akaongea na mwalimu wa chekechea, akamkubalia, huku akimshusha baba yake. Alikuwa amewashusha watu wengi hivyo.

"Ikateleza begani," alisema. "Simu. Nikaidaka."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa mkono wa kushoto, afande. Kulia bado nimebonyeza. Nilipourudia mkia ulikuwa unakimbia." Aliutazama mkono wake. "Simu niliiwahi."

Mzee aligonga kichwa kwenye nguzo, lakini hakuzimia. Alikaa sakafuni, akajishika kisogo, akasema yuko salama, asipige kelele, wageni wataogopa. Akauliza nani amepiga. Chekechea, alimjibu. Basi rudisha mwanzo, mzee akasema, wapandishie ubao, mimi napumzika kidogo. Naye akarudisha. Akaukunja mkia, akapandisha ubao, akageuza kibao, kazi ambayo mikono yake iliijua kuliko yeye. Alipogeuka kumwonyesha baba yake kwamba tayari, baba yake alikuwa amelala, na hakuitika.

"Ningekimbilia daktari wakati ule alipokuwa anaongea..."

Alikimbilia uani akipiga ukelele kwamba Baba ameanguka, na hilo lilikuwa kweli. Fundi aliwatangulia wote. Msimamizi alikuwa anafungua kinywa aseme, na shemeji yake akawa amekwisha piga magoti, akisema ni bolti yake.

"Sikutunga uongo, afande. Niliukuta umesimama mlangoni, nikaupisha upite. Nikasema nitasema akizinduka. Nikasema nitasema jioni. Kila saa ilipopita, ikawa nina la kueleza zaidi."

Inspekta alimhurumia, na alikuwa amemkasirikia pia, na hakuona haja ya kuchagua kati ya hayo mawili. Alimwambia jambo kama lilivyo: kuuachia mkia ilikuwa bahati mbaya, na mahakama itaitazama hivyo. Kumwacha mwenzake alale rumande hakukuwa bahati mbaya. Hilo alilifanya akiwa macho. Msimamizi alikubali kwa kichwa, akafunika ndoo ya malimau, akaenda mwenyewe garini.

Kituoni mkuu wa kituo aliyasoma maelezo mapya mara mbili, akalalamika kwamba yale ya kwanza yalikuwa yameandikwa vizuri zaidi, akayachana. Koplo alitumwa kumfungulia Fundi. Hospitali walipigiwa, hali ni ileile.

Mke wa Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi wa kituo, mkoba magotini. Alikuwa ameitwa bila kuelezwa sababu, na alijua tu kwamba haikuwa habari ya msiba, kwa kuwa Koplo alimwambia hivyo kwanza kabla ya salamu. Msimamizi alimwona kupitia mlango ulioachwa wazi. Akamgeukia Inspekta, akamwomba amwambie yeye. Mimi sitaweza, alisema, wewe umezoea.

"Nimezoea kuwaambia watu habari za watu wengine," Inspekta alimjibu. "Hii ni yako na mdogo wako."

Akatoka naye, akasimama mbali kiasi cha kutosikia, lakini ukumbi ulikuwa mtupu na sauti zilimfikia zote.

"Mumeo anatoka," Msimamizi alisema. "Hana kosa lolote. Kamba nilikuwa nimeishika mimi."

Mdogo mtu alimtazama. Hakulia, hakusimama. Alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, akipita kwenye saa za jana moja moja, na Inspekta aliona kila ilipomfikia.

"Jana nimelala kitandani kwako, Dada," alisema mwishowe. "Nimemlaani mume wangu mpaka usingizi ukanichukua. Wewe ukanifunika shuka."

"Ndiyo."

"Na asubuhi nikakuambia siwezi kuja hapa peke yangu. Ukanisindikiza."

Kule kaunta Fundi alikuwa ameletwa, akawa anafunga kamba za viatu alivyorudishiwa, amewapa mgongo wote wawili. Alimwuliza Koplo Baba anaendeleaje. Koplo akamwambia bado. Alikubali kwa kichwa, akamaliza kufunga kiatu cha pili, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuuliza, kama kuna yeyote anayejua mkewe amekula chochote tangu jana.